Nani Alimfundisha Mwalimu Wako?

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo Ngamiani, Tanga. Mtu akija barazani kwake na neno la dini, hata liwe zuri namna gani, baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Nani kakusomesha?" Akishatajiwa jina, huuliza tena: "Na yeye kasomeshwa na nani?" Wako waliokasirika, wakaona wanahojiwa kama wezi wa kuku. Baba hakuwa na nia mbaya. Kwake neno la dini lilikuwa kama maji ya kunywa: kabla ya kuyatia mdomoni utake kujua yametekwa kisima gani na yamekaa kwenye mtungi wa nani. Yeye mwenyewe alikuwa na ijaza yake, karatasi yenye majina ya masheikh, mmoja juu ya mwingine, imekunjwa mara nne na kutiwa kwenye kopo la biskuti. Sisi watoto tulijua kwamba nyumba ikishika moto, kopo lile ndilo litakalotangulia kutoka.

Mwaka 1996 nilikwenda India kusomea famasia katika mji wa Pune, jimbo la Maharashtra. Niliondoka na swali la baba kichwani bila kujua kwamba ninalo. Nilichokijua kuhusu Uhindu kilikuwa kidogo: kengele ya hekalu la mjini kwetu, taa za Diwali, na maneno tuliyoambiana watoto, kwamba wale hawana kitabu. Hilo la kitabu ndilo lililonikaa. Watu wasio na kitabu, nilijiuliza, wanarithishana nini?

Nilipanga chumba mtaa wa Nana Peth, kwa mjane mmoja ambaye majirani wote walimwita Aaji, yaani bibi kwa Kimarathi. Aaji hakujua kusoma wala kuandika. Shingoni alivaa ushanga wa mti wa tulsi, aina ya mrehani ambao Wahindu wanautukuza, na kila jioni, taa ikishawashwa, aliketi chini akaimba Haripath, beti za kumtaja Mungu zilizotungwa na Dnyaneshwar karne ya 13. Aliziimba zote kwa kichwa, akikuna nazi au akichambua dengu. Nitarudi kwake, maana yeye ndiye niliyemwandikia haya. Lakini kwanza lazima niseme juu ya dirisha.

Njiani kwenda darasani nilipita nyumba kuukuu ya mbao na matofali ambamo wavulana walifundishwa Veda, neno takatifu la Wahindu. Siku ya kwanza nilisimama ghafla kama aliyeitwa jina. Sauti ile niliijua. Sikuyajua maneno, bali ule mwendo: sauti moja nzito inasema, sauti nyingi nyembamba zinarudia, na tena zinarudia. Nikajiona niko Ngamiani, miguu nimeikunja juu ya jamvi, ubao mapajani, wino wa masizi haujakauka. Niliomba kuingia nisikilize. Mtu wa mlangoni aliniambia kwa adabu kwamba wanawake hawaingii darasani, lakini barabara ni ya wote. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mitatu, kila nilipopata robo saa, nilisimama barabarani chini ya dirisha lile.

Nilichokiona humo ni hiki. Wavulana kumi au zaidi, wa miaka minane hivi hadi kumi na mitano, vichwa vimenyolewa kikabaki kishungi nyuma, wameketi sakafuni. Mwalimu anasema kipande kimoja mara moja. Wao wanakirudia mara mbili. Hakuna kitabu kilichofunguliwa. Mkono wa mwalimu unapanda na kushuka kidogo, kwa sababu kila silabi ya Veda ina kimo chake: iko inayoshushwa, iko ya kati, iko inayonyanyuliwa. Huko Kerala, kusini, baadhi ya walimu humshika mtoto kichwa kwa mkono na kukiinamisha au kukigeuza kufuata sauti, mpaka shingo yenyewe inajua pa kwenda.

Sisi Waswahili tunaweza kulielewa jambo hilo kuliko wengi. Sema "barabara" kwa kukaza silabi ya tatu, umetaja njia ya kupita. Kaza ya pili, umesema jambo liko sawasawa. Herufi ni zilezile. Wahindu wana kisa cha zamani sana cha Tvashtri, aliyefanya kafara ili apate mtoto atakayemuua Indra, mfalme wa miungu. Alipotamka neno la kafara alikosea mkazo tu, na "muuaji wa Indra" ikageuka kuwa "ambaye muuaji wake ni Indra." Mtoto akazaliwa, na Indra akamuua. Wavulana wa dirishani walifundishwa kisa hicho mapema. Na mimi nilikumbuka ukucha wa baba ukigonga ubao pale nilipofupisha kilichotakiwa kuvutwa.

Kisha ziko mbinu za kulinda neno lisidondoke. Chukua maneno matatu ya kwetu: mtoto, anateka, maji. Mwanafunzi huanza kwa kuyasoma yalivyo. Akishayaweza, huyafunga mawili mawili: mtoto anateka, anateka maji. Baadaye huyapeleka na kuyarudisha: mtoto anateka, anateka mtoto, mtoto anateka. Ngazi ngumu wanayoiita ghana ni hii: mtoto anateka, anateka mtoto, mtoto anateka maji, maji anateka mtoto, mtoto anateka maji. Halafu anasogea neno moja mbele na kuanza upya. Maana inavunjika vipande, lakini maana siyo inayolindwa hapo. Inayolindwa ni sauti, na kila neno limeshikwa mkono na jirani zake wa pande zote mbili, mbele na nyuma, hata likitaka kutoroka haliwezi. Rigveda peke yake ina tenzi 1,028 na beti zaidi ya elfu kumi. Mtu aliyeihifadhi kwa ghana amemaliza ujana wake wote humo.

Basi yale tuliyoambiana watoto yalikuwa kinyume cha ukweli. Kitabu wanacho, na ni cha kale kuliko vingi. Ila kwa zaidi ya miaka elfu mbili walikataa kisiwe karatasi. Wenyewe huiita Veda shruti, yaani kilichosikika, na mapokeo yao ya zamani yaliwalaani waliothubutu kuiandika. Max Müller alipochapisha Rigveda nzima, juzuu sita kati ya mwaka 1849 na 1874, ilikuwa tayari imesafiri kinywa kwa sikio muda mrefu kuliko falme zote zilizopita juu ya ardhi ile. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza usomaji huo kuwa miongoni mwa hazina za binadamu wote. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimesimama dirishani.

Tena neno lenyewe huingia kwa sikio tangu siku ya kwanza. Mvulana anapopewa uzi mtakatifu wa begani, baba au mwalimu hujifunika naye nguo moja na kumnong'oneza Gayatri, silabi 24, sikioni. Nilipoelezwa hivyo nilinyamaza kidogo, maana na mimi, kama kila mtoto wa Kiislamu, mtu aliniadhinia sikio la kulia kabla sijafungua macho vizuri. Dini mbili zisizokubaliana karibu katika chochote, na zote zimeamua kuanza na sikio.

Lakini sikio la nani?

Hapa ndipo uzuri wa dirisha lile ulipoanza kuniuma. Mmojawapo wa waandishi wa sheria za kale za Kihindu aliandika kwamba Mshudra, mtu wa tabaka la watumishi, akiisikiliza Veda kwa makusudi, amiminiwe masikioni madini yaliyoyeyushwa. Sijui kama kuna aliyetendewa hivyo, lililoandikwa linatosha. Na aliyekuwa chini kuliko Mshudra, yule waliyemwita asiyegusika, hakutarajiwa hata kufika karibu. Ulinzi uleule uliozuia silabi isidondoke uliwazuia watu wasiingie. Niliwahi kujaribu kuvitenganisha viwili hivyo kichwani mwangu, niupende ufundi na niuchukie ukuta, na sikuweza. Vilijengwa na mikono ileile kwa matofali yaleyale.

B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika tabaka la Mahar, mojawapo ya matabaka ya wasiogusika, alitaka kusoma Kisanskriti akiwa shuleni Bombay. Alikataliwa, akasoma Kiajemi. Fikiria: mtoto mwenye akili kupita wote, amefungiwa lugha ambayo ndani yake imeandikwa hukumu yake. Kisanskriti alikuja kujifunza kwa juhudi zake baadaye, na tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, yeye na wenzake waliichoma hadharani nakala ya Sheria za Manu, mojawapo ya vitabu vya sheria hizo za kale. Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu na kuingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Huyo ni mtu aliyeuliza swali la baba yangu, nani kakufundisha, akajibiwa kwamba yeye si wa kufundishwa, naye akaondoka. Kila anayesifia mnyororo wa walimu wa Kihindu, nami nausifia, sharti amtazame Ambedkar usoni kwanza.

Ila wapo ambao hawakuondoka, na Aaji alikuwa mrithi wao.

Dnyaneshwar, mwenye beti zile za jioni, alizaliwa katika nyumba ya Wabrahmini, tabaka la makuhani, lakini baba yake alikuwa ameshaapa kuwa mtawa, kisha kwa amri ya mwalimu wake akarudi kwa mkewe na kupata watoto wanne. Watoto wa mtawa! Mji uliwatenga. Wavulana walinyimwa uzi. Wasimulizi wanasema wazazi walijitupa mtoni kulipa kosa, na bado watoto hawakusamehewa. Walikwenda kwa miguu hadi Paithan, kwa mabingwa wa sheria, kuomba hati ya kutakaswa. Naifikiria hati hiyo nikikumbuka kopo la biskuti la baba. Mabwana wale walicheka: kama roho zote ni moja, na nyati yule pale asome Veda. Dnyaneshwar akaweka mkono juu ya kichwa cha nyati, na nyati akasoma. Kisa hicho kila mtoto wa Maharashtra anakijua. Aaji alikisimulia kwa kuiga sauti nzito ya nyati, kwa heshima kubwa, macho yamefumbwa.

Mwalimu wake Dnyaneshwar hakuwa bingwa wa Paithan. Alikuwa kaka yake, Nivrittinath, ambaye alifundishwa na Gahininath, naye na Goraksha, naye na Matsyendra, aliyesikia kwa mungu Shiva mwenyewe. Hiyo ndiyo parampara, mmoja baada ya mwingine. Mnyororo upo, tena kamili, ila umepita mlango mwingine. Mwaka 1290, akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, Dnyaneshwar aliketi Nevasa akaifasiri Bhagavad Gita, utenzi mtukufu wa Wahindu ambao ulikuwa umefungwa ndani ya Kisanskriti, kwa Kimarathi cha sokoni. Gita ina beti 700. Yeye alisema beti zipatazo elfu tisa, na mtu mwingine akaziandika. Miaka sita baadaye, huko Alandi, alishuka ndani ya kaburi lake akiwa hai, katika tafakuri, na watu wanaamini yumo bado. Umri wake ulikuwa miaka 21.

Na sasa jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa nimekaa na Aaji karibu mwaka mzima. Jikoni kwake kulikuwa na kijaa, yale mawe mawili ya mviringo ya kusagia, la juu lina mpini wa mti. Unga ulikuwa ukinunuliwa dukani siku hizo, lakini Aaji hakukubali mawe yatolewe. Alfajiri moja nilimsikia anasaga kidogo, kwa ajili ya sadaka tu, na anaimba. Mpini ukizunguka mara moja, mstari mmoja. Mstari wa nne mfupi, kama mtu anayevuta pumzi. Nyimbo hizo huitwa ovi, na wanawake wa Maharashtra wamezitunga mbele ya mawe kwa karne nyingi: juu ya kaka aliye mbali, juu ya mume mkali, juu ya mungu Vitthal wa Pandharpur aliyesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, akimngoja mja wake amalize kuwahudumia wazazi. Watafiti wamekusanya zaidi ya laki moja. Bahari hiyohiyo, ovi, ndiyo aliyoitumia Dnyaneshwar kuifasiria Gita.

Nililala na jambo hilo usiku mzima. Kijana aliyenyimwa uzi, alipotaka chombo cha kubebea neno zito kuliko yote ya mababu zake, alichukua chombo cha wanawake wanaosaga. Ni kama mtu atwae nyimbo za akina mama wa kwetu wanaotwanga, mchi ukipanda na kushuka, aweke humo tafsiri ya maneno ya Mwenyezi Mungu. Neno guru kwa asili yake maana yake ni mzito. Uzito huo sikuuona tena dirishani tu.

Nilipomuuliza Aaji mwalimu wake ni nani, alishika ushanga wake. "Huu alinivisha mzee wa kundi letu, mbele ya watu. Lakini kunifundisha, kimenifundisha kijaa." Nikadhani ni maneno ya mapenzi tu, nikayaacha yapite.

Juni 1998 nilitembea naye. Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoanza, nyayo za Dnyaneshwar, zilizotengenezwa kwa fedha, huwekwa katika machela na kupelekwa kutoka Alandi hadi Pandharpur, kilomita zipatazo 250, wiki tatu kwa miguu. Za Tukaram, mshairi wa karne ya 17, hutoka Dehu, nazo hukutana na zile mjini Pune. Watu wanaozifuata ni laki nyingi. Huenda kwa makundi yaitwayo dindi, kila kundi na nafasi yake iliyorithiwa, mbele au nyuma ya mkokoteni unaobeba machela, wanaume kwa matoazi na ngoma, wanawake na vyungu vya tulsi vichwani. Wote wanaimba. Asiyeujua wimbo anaudaka kwa wa mbele yake, akifika mwisho wa siku anao. Niliona watoto wa miaka mitano wakidaka hivyo. Hakuna aliyewafundisha na wote waliwafundisha.

Tulipokuwa tunapanda mlima wa Dive Ghat, mvua imetulowesha, mzee mmoja mwenye nguo nyeupe, umri wa babu yangu, alisimama mbele yangu, akasema "Mauli," akainama kunigusa miguu. Niliruka nyuma. Mimi ni Mwislamu, siinami kwa kiumbe wala sitaki kuinamiwa, na yeye alikuwa mkubwa wangu kwa miaka hamsini. Nilisimama na mkono kifuani, kama afanyavyo baba anapopokea salamu ya mtu asiyemjua, nikashindwa hata kusema. Mzee hakuchukizwa. Aliendelea kupanda, matoazi yake yakilia. Mauli maana yake ni mama. Ndivyo wanavyomwita Dnyaneshwar, mtawa mwanamume aliyekufa kijana bila mke wala mtoto. Na njiani ndivyo kila mmoja anavyomwita mwenzake, mwalimu na mwanafunzi, mwanamume na mwanamke.

"Njiani humu hakuna mkubwa," Aaji aliniambia. "Ukifika nyumbani utauchukua ukubwa wako ulipouacha."

Kwetu mdogo humwambia mkubwa shikamoo, na wazee wanasema asili yake ni nashika miguu yako. Nimelisema neno hilo maelfu ya mara, daima kutoka chini kwenda juu. Juu ya mlima ule niliona shikamoo inateremka. Najua walio nje ya barabara ile hawakuinamiana hivyo, na wengi wa waliokuwa ndani yake walirudi vijijini kwenye kisima cha tabaka lao. Hata huko Pandharpur wanakokwenda, Chokhamela, mshairi wa karne ya 14 aliyekuwa Mahar kama Ambedkar, hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Alikufa ameangukiwa na ukuta aliokuwa akiujenga, na inasimuliwa kwamba mshairi mwenzake Namdev alipokwenda kutafuta mifupa yake kati ya mifupa ya wenzake, aliitegea sikio mmoja mmoja, akaitambua ile iliyokuwa ingali ikimtaja Vitthal. Akaizika chini ya ngazi za mlango. Watu wa tabaka la Chokhamela hawakuvuka mlango huo mpaka mwaka 1947, baada ya mwalimu Sane Guruji kugoma kula. Ambedkar, mwaka uliofuata, aliandika jina la Chokhamela katika tabaruku ya kitabu chake kimojawapo. Aliuacha mnyororo, lakini pete hiyo hakuitupa.

Baba yangu angekuwa na shida kubwa na Tukaram. Alikuwa muuza nafaka, Mshudra, na mantra yake, yaani neno takatifu la kukariri, anasema aliipokea kwa mwalimu katika ndoto. Ndoto! Hakuna ijaza ya ndoto. Wabrahmini wa wakati wake waliona vivyo hivyo. Mashairi yake yalitoswa katika mto Indrayani, na wafuasi wanasimulia kwamba baada ya siku 13 yalielea makavu. Akatokea Bahinabai, mke wa Mbrahmini, akasema naye Tukaram amemjia ndotoni na kumfanya mwanafunzi. Mume alimpiga. Mwanamke wa tabaka la juu kumfuata Mshudra ilikuwa aibu isiyosemeka. Hakuacha, akatunga, na beti zake zinaimbwa mpaka leo. Nimelifikiria sana suala hilo la ndoto. Naona kwamba kwa mtu aliyefungiwa milango yote ya mchana, usiku ndio mlango uliobaki.

Mlango wa ndoto una hatari yake, nayo sitaificha. Mtu yeyote anaweza kusema ameitwa, na katika Uhindu mwalimu husifiwa kama Mungu mwenyewe. Mwaka 2017 na 2018 mahakama za India ziliwatia hatiani kwa ubakaji walimu wawili wenye wafuasi mamilioni. Lakini mnyororo rasmi nao si salama kwa kuwa ni rasmi. Vipo viti vinne vikuu vinavyohesabiwa kuwa viliwekwa na Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8: Sringeri, Dwarka, Puri na Jyotirmath. Cha Jyotirmath kilikaa kitupu zaidi ya miaka 160 hadi mwaka 1941, na aliyekalishwa alipofariki mwaka 1953 wosia wake ukagombewa, kesi zikaenda kwa miongo. Mapokeo ya kinywa kwa sikio yakaishia mikononi mwa mawakili.

Katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko la Kihindu lililotungwa zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, kuna kurasa ambazo wasomaji wengi wanaziruka: orodha za walimu. Fulani alisikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani, majina kwa makumi, hadi kufika kwa Brahman asiye na mwanzo. Nilipozisoma mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, nikasema hii ni ijaza ya baba. Orodha ziko tatu. Ya mwisho ina jambo la ajabu: walimu wengi wa orodha hiyo hawaitwi kwa majina ya baba zao. Wanaitwa mwana wa mama fulani, aliyesikia kwa mwana wa mama fulani. Orodha karibu nzima ni ya wanaume, na sehemu kubwa yake imesimama juu ya majina ya wanawake. Katika Upanishad nyingine mtoto Satyakama anakwenda kuomba kufundishwa na anaulizwa ukoo wake. Anajibu kweli tupu: mama yangu haujui ukoo wangu, yeye ni Jabala, kwa hiyo mimi ni Satyakama wa Jabala. Mwalimu anamwambia alete kuni za moto wa kuanzia masomo. Kusema kweli ndiko kulikokuwa ukoo wake.

Pune yenyewe imeanza kufungua. Tangu miaka ya 1970 wako wanawake waliofundishwa Kisanskriti na taratibu za ibada, wakaongoza ndoa na hata mazishi. Niliiona ndoa moja: mama wa miaka sitini, miwani puani, anasoma mantra mbele ya moto, sauti imetulia. Aaji alisikiliza kisha akasema anasoma vizuri, ila anakwenda mbio.

Nilirudi Tanga mwaka 1999. Macho ya baba yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, chuo alikuwa amemwachia mdogo wangu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, keti uniambie." Nilimweleza juu ya wavulana wanaosoma kwenda na kurudi, akanitaka nifanye mfano, nikafanya kwa mtoto anateka maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema hao ni watu wanaoogopa kupoteza. Nikamweleza juu ya Aaji, na beti alizohifadhi bila kujua herufi.

"Nani kamsomesha?"

Nikamwambia alivyonijibu, kwamba kijaa kilimfundisha.

"Jiwe halisomeshi," baba akasema. "Kulikuwa na mtu upande wa pili wa jiwe. Hukumuuliza la maana."

Ni kweli. Kijaa kizito huzungushwa na watu wawili, wamekaa wakitazamana, mikono minne juu ya mpini mmoja, nami nilikuwa nimeliona hilo vijijini bila kulifikiria. Nikaandika barua. Jibu lilichukua zaidi ya miezi miwili, limeandikwa na mjukuu wake kwa kalamu ya bluu, naye akaeleza kwamba bibi alikaa siku nzima akihesabu kwa vidole. Nilimsomea baba barazani, nikitafsiri mstari kwa mstari. Upande wa pili wa jiwe alikuwa mama mkwe wake, tangu alipoolewa akiwa na miaka kumi na mitatu. Upande wa pili wa mama mkwe alikuwa wifi mkubwa wa nyumba ile, mjane. Mjane alijifunza kwa mama yake, kijiji cha juu ya mto. Mama huyo alijifunza kwa mwanamke wa nyumba ya jirani, si ndugu, aliyekuwa akija kusaga kwao kwa malipo ya unga, na ambaye alisukuma mpini kwa mkono wa kushoto.

Baba alinitaka nirudie huyo wa mwisho, jina lake nani. Nikaiangalia barua tena, mbele na nyuma. Jina halikuwamo. Palikuwa na mkono wa kushoto tu.

Baba akanyamaza kidogo. Kisha akasema niichukue barua ile, niikunje, nikaitie kwenye kopo.